Tumeshiba, Lakini Mwili Umejengeka? Somo Kuhusu Wanga na Madini

Somo hili linaweza kufundishwa kwa mikutano miwili. Anayesoma kwa sauti asome polepole, na mahali penye swali asimame, watu wajibu kwanza kabla ya kuendelea. Wazee wetu na kina mama ambao hawasomi wanajua mengi juu ya jambo hili kupitia ng'ombe wao, kwa hivyo wapewe nafasi ya kusema.

Mwisho wa somo, kila mwanakikundi aweze:
1. Kueleza kwa maneno yake wanga ni nini na madini ni nini.
2. Kuonyesha tofauti hiyo kwa moto na kwa mfupa.
3. Kutaja madini manne ambayo familia zetu huyakosa, na mahali pa kuyapata.
4. Kujua madini ambayo hapa kwetu Kajiado yanaweza kuzidi na kudhuru.

KWA NINI SOMO HILI?

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Ng'ombe wengi walikufa, kuanzia Mashuuru hadi Namanga, na sisi wenyewe tuliona mizoga kando ya barabara. Ng'ombe akifa, maziwa hukatika. Maziwa yakikatika, boma linakula nini? Ugali na chai ya rangi. Asubuhi chai, mchana ugali, jioni ugali na chai tena. Upande wa Kitengela, ambako mashamba makubwa yamegeuka ploti, watu wananunua kila kitu dukani, na kitu cha kwanza kununuliwa ni unga na sukari.

Sasa, mtoto aliyekula ugali na chai ameshiba. Hatalia njaa. Lakini mwalimu anasema mtoto huyu anasinzia darasani. Mama mjamzito naye ameshiba, lakini akipanda mlima mdogo anahema na moyo unamdunda. Wamekula au hawakula? Wamekula. Walichokula ni wanga. Walichokosa, mara nyingi, ni madini.

WANGA NI NINI?

Wanga ni chakula cha nguvu. Upo katika unga wa mahindi, ngano, mchele, mtama, wimbi, viazi, muhogo na ndizi. Sukari na asali pia ni za ukoo huo huo. Hata maziwa yana sukari yake ndani. Nyuzinyuzi za mboga na pumba za nafaka ni ndugu wa wanga pia, ila hizo tumbo haliwezi kuzisaga zote, na kazi yake kubwa ni kulainisha choo.

Wanga hutoka wapi? Mmea huutengeneza kwenye majani yake kwa kutumia hewa, maji na mwanga wa jua. Ukila, tumbo linauvunja kuwa sukari ndogo iitwayo glukosi, inaingia kwenye damu, na mwili unaichoma kama vile jiko linavyochoma kuni. Joto la mwili, nguvu ya kutembea na kuchota maji, hata kufikiri, vyote vinatumia moto huo. Gramu 1 ya wanga hutoa nguvu ya kalori 4 hivi. Ukila zaidi ya unachotumia, mwili unaweka akiba kidogo kwenye ini na misuli, na kinachobaki unakigeuza kuwa mafuta.

MADINI NI NINI?

Ukisikia neno madini unafikiria dhahabu au mgodi, sivyo? Hujakosea sana. Madini ya chakula ni vitu vya ardhini: kalsiamu, chuma, zinki, ayodini, fosforasi, potasiamu, magnesiamu, sodiamu iliyo katika chumvi, na mengine. Mmea hauwezi kuyatengeneza. Unayanyonya kutoka udongoni kwa mizizi. Mbuzi anakula mmea, sisi tunakula mmea na mbuzi.

Madini hayatoi nguvu hata kidogo. Ukipewa kilo nzima ya kalsiamu hutapata kalori hata moja. Kazi yake ni nyingine: kujenga mifupa na meno, kutengeneza damu, kuendesha misuli na mishipa, na kulinda mwili usiugue ovyo.

Fikiria mtu anayejenga nyumba ya mabati kwenye ploti yake. Kuni atazihitaji za kupikia mafundi, na zitakwisha kila siku. Misumari ataihitaji ya kushikilia nyumba. Je, unaweza kupika kwa misumari? Hapana. Unaweza kugongelea bati kwa kuni? Hapana. Basi wanga ni kuni, na madini ni misumari. Mtu hawezi kusema, "Misumari imekosekana, niongezee kuni."

TOFAUTI KWA UFUPI

Kwanza, asili. Wanga hutengenezwa na mmea kwa hewa, maji na jua. Madini hutoka ardhini.

Pili, kazi. Wanga unachomwa kutoa nguvu. Madini yanajenga na kuendesha mwili.

Tatu, kiasi. Wanga tunauhitaji kwa mamia ya gramu kila siku. Madini tunayahitaji kidogo sana. Mwanamume mzima anahitaji chuma miligramu 8 hivi kwa siku, mwanamke anayepata hedhi karibu 18, na mjamzito karibu 27. Miligramu 1 ni gramu iliyogawanywa mara elfu moja! Chuma chote kilicho mwilini mwa mtu mzima ni gramu 3 au 4 tu, kama msumari mmoja. Lakini msumari huo ukipungua, mtu analala kitandani.

Nne, mwili unaweza kutengeneza au la? Wanga ukikosekana, mwili unaweza kujitengenezea glukosi kutoka kwa nyama na mafuta. Ndiyo maana morani wa zamani walikaa miezi kwa maziwa na nyama bila unga, na walikuwa na nguvu. Lakini hakuna mwili unaoweza kujitengenezea chuma au kalsiamu. Lazima viliwe.

Tano, moto. Wanga unaungua. Madini hayaungui. Hili tutalifanya kwa macho yetu.

ZOEZI LA KWANZA: MOTO NA MAJIVU

Tafuteni vifuniko vinne vya mkebe, makaa yenye moto mkali, na vitu vinne vilivyokauka kabisa, kila kimoja kijiko kimoja kikubwa: sukari, mahindi yaliyopondwa, maharagwe yaliyopondwa, na majani ya sukuma wiki au terere yaliyoanikwa hadi kuvunjika. Kama kuna mizani, vyote viwe na uzito sawa. Fanyeni kazi hii nje, watoto wakae mbali, kwa sababu sukari itafura na inaweza kushika moto.

Wekeni vifuniko juu ya makaa. Mtaona moshi, halafu miali, halafu kitu cheusi kama mkaa. Msitoe bado. Endeleeni hadi weusi wote uishe. Itachukua muda mrefu, kwa hivyo somo linaweza kuendelea wakati mnangoja.

Mwishowe angalieni kilichobaki. Sukari itakuwa imepotea, karibu hakuna kitu. Mahindi yataacha majivu kidogo sana: katika gramu 100 za mahindi, majivu ni zaidi kidogo ya gramu 1. Maharagwe yataacha mara tatu ya hayo. Majani ya mboga ndiyo yatakayoacha mengi kuliko vyote.

Kilichoungua ni wanga, pamoja na mafuta na protini. Majivu yaliyobaki ndiyo madini. Sasa kila mmoja amejionea kwa nini chai ya sukari haijengi damu, na kwa nini mboga za majani si "chakula cha sungura" kama wengine wanavyosema.

Onyo: hatusemi watu wale majivu. Majivu ya jikoni yanachoma tumbo. Tunataka tu kuona.

ZOEZI LA PILI: MFUPA

Chukueni mfupa wa paja la kuku, uusafishe, uutumbukize katika siki kwa siku tano au zaidi, mkibadilisha siki mara moja au mbili. Siki inatoa kalsiamu kwenye mfupa. Mkutano ujao mtauona mfupa ule ule, una umbo lake, lakini unakunjika kama mpira. Kila mtu aushike. Mfupa usio na madini hauwezi kusimamisha mtu.

WAFUGAJI WANAJUA HAYA

Wazee waulizwe: ng'ombe akianza kutafuna mifupa malishoni, maana yake nini? Watasema ana upungufu. Ni kweli, mara nyingi anakosa fosforasi. Akilamba udongo, anatafuta chumvi. Ndiyo maana tunawapeleka mahali pa kulamba, au tunanunua chumvi ya mifugo.

Basi tuulizane, mama mjamzito akitamani udongo, au yale mawe laini yanayouzwa sokoni ambayo wengine huyaita odowa, tunasema nini? Tunacheka, tunasema ni hamu ya mimba tu. Mara nyingi hamu hiyo huenda pamoja na upungufu wa damu. Na udongo wenyewe haumsaidii. Unaweza kushika chuma kilicho tumboni kisiingie mwilini, na unaweza kuleta mayai ya minyoo. Mama anayekula udongo asichekwe, apelekwe kliniki akapimwe damu.

HABARI YA ZAMANI: WATAALAMU WALIOPIMA WATU WETU

Miaka ya 1920, mtaalamu wa chakula kutoka Scotland, John Boyd Orr, alikuwa akichunguza madini ya malisho ya mifugo. Yeye na Daktari John Gilks, mkuu wa idara ya afya ya Kenya wakati huo, walifanya uchunguzi mkubwa wa kulinganisha chakula na afya ya Wamaasai na Wakikuyu. Ripoti yao ilitolewa London mwaka wa 1931.

Waliona nini? Wamaasai walikuwa wakila maziwa, nyama na damu. Wakikuyu walikuwa wakila zaidi nafaka, viazi na kunde. Kwa wastani, mwanamume wa Kimaasai alikuwa mrefu kwa inchi 5 na mzito kwa ratili 23 kuliko mwanamume wa Kikuyu. Upande wa chakula cha nafaka walikuta zaidi meno mabovu, mifupa iliyopinda na upungufu wa damu. Lakini Wamaasai nao walikuwa na shida zao. Kufunga choo na maumivu ya viungo yalikuwa mengi zaidi kwao.

Tusome habari hii kwa uangalifu. Urefu wa mtu hautokani na chakula peke yake. Mtu anarithi kwa wazazi wake. Na ripoti ile ilipimwa kwa macho ya wakoloni. Haikuuliza sana kama watu walikuwa na njaa kwa sababu walipoteza ardhi. Lakini kuna jambo moja ndani yake la kukumbuka: wanawake wa Kikuyu walikuwa na afya karibu na ya wenzao wa Kimaasai, tofauti haikuwa kubwa kama ya wanaume. Wataalamu wale walieleza kwamba wanawake walikula mboga za majani zenye kalsiamu nyingi, ambazo wanaume hawakuzila.

Mnaona? Njia zilikuwa mbili: maziwa au majani. Anayekaa na ugali mtupu hana njia yoyote. Na hapa Kajiado leo, Mmaasai aliyepoteza ng'ombe amejikuta kwenye sahani ya nafaka, lakini bado hajazoea mboga. Hiyo ndiyo hatari yetu. Bwana Orr mwenyewe baadaye, mwaka wa 1945, alikuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka wa 1949 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

MADINI MANNE YA KUANGALIA

1. Chuma. Ni cha kutengeneza damu. Kinapatikana katika nyama, maini, damu iliyopikwa, samaki, maharagwe, ndengu, na mboga kama terere, managu na kunde. Chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi. Cha maharagwe na mboga huingia kwa shida, kwa hivyo kisaidieni kwa kitu chenye vitamini C: ndimu, chungwa, nyanya mbichi, pera au embe. Nyanya zetu za Loitokitok zinajaa sokoni, kwa nini zisiwe kachumbari kando ya maharagwe?

Dalili za upungufu: kuchoka, kuhema, kizunguzungu, viganja na ndani ya kope za chini kuwa vyeupe. Lakini malaria na minyoo pia humaliza damu, kwa hivyo kipimo cha hospitali ni muhimu.

2. Kalsiamu. Ni ya mifupa na meno. Mwili wa mtu mzima una kilo 1 hivi ya kalsiamu, karibu yote kwenye mifupa. Kikombe cha maziwa, mililita 250, kina miligramu 300 hivi, na mtu mzima anahitaji karibu 1,000 kwa siku. Maziwa ya mgando yana kalsiamu ile ile. Asiye na maziwa ale sukuma wiki, na omena anayeliwa na mifupa yake.

3. Zinki. Inasaidia mtoto kukua na kupona, hasa akihara. Ipo katika nyama, mayai, maharagwe na nafaka isiyokobolewa. Ndiyo maana mtoto anayehara hupewa kliniki tembe za zinki pamoja na maji ya chumvi na sukari.

4. Ayodini. Ikikosekana, shingo huvimba rovu, na mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Kenya iliamua tangu miaka ya 1970 chumvi ya kula itiwe ayodini. Nunueni chumvi ya pakiti yenye maandishi hayo, muiweke ndani ya chombo kilichofunikwa, mbali na jua na moshi wa jiko. Chumvi ya mifugo si ya kupikia watu.

MADINI YANAYOZIDI: MAJI NA MAGADI

Si kila dini la ardhini ni rafiki. Wengi wetu tuna meno ya rangi ya kahawia, na mgeni anafikiri hatupigi mswaki. Hiyo ni floraidi, nayo ni madini. Ardhi yetu ya Bonde la Ufa ilitokana na volkano, na maji ya visima vingi virefu yanabeba floraidi kutoka kwenye mawe yale. Kiasi kidogo husaidia meno. Kikizidi, meno ya mtoto hubadilika rangi yakiwa bado yanaundwa chini ya ufizi, na kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo huuma na kukakamaa. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita.

Watu wengi wanasema, "Sisi tunachemsha." Kuchemsha kunaua vijidudu, ni vizuri, lakini hakuondoi floraidi. Madini hayaungui, mmeona kwenye zoezi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki ile ile ndani ya maji machache. Kinachosaidia ni maji ya mvua kutoka kwenye mabati safi, yatumike kwanza kwa kunywa na kupikia watoto wadogo. Pia kuna chujio la mkaa wa mifupa. Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Kikundi kinachochimba kisima kidai maji yapimwe floraidi kabla ya kuweka pampu, si baada.

Halafu magadi. Ziwa Magadi liko hapa kwetu, na tangu 1911 kuna kampuni ya kuyachimba, kwa ajili ya vioo, sabuni na vingine. Lakini sisi tunayatia kwenye maharagwe yaive haraka. Magadi yana sodiamu nyingi, isiyomfaa mwenye presha, yanaharibu baadhi ya vitamini, na yana floraidi pia. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Yataiva mapema na kuni zitapungua bila magadi.

KUPIKA BILA KUPOTEZA

Moto hauui madini, lakini maji huyabeba. Ukikata sukuma wiki halafu ukaiosha, ukaichemsha na kumwaga maji, umemwaga madini. Osha kwanza, kata baadaye, pika kwa maji kidogo, na mchuzi uliwe.

Unga mweupe wa gredi ya kwanza umeondolewa pumba na kiini, na humo ndimo madini mengi ya mahindi yalimokuwa. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti wa mahindi na wa ngano uongezwe chuma, zinki na vitamini. Unga wa posho mill unabaki na pumba yake, ila kwa kawaida hauongezwi kitu.

Nafaka nzima na kunde zina kitu kinachoshika chuma na zinki visiingie mwilini. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha kunakipunguza. Uji mchachu wa wimbi, basi, si umaskini. Ni ufundi wa nyanya zetu.

Na chai? Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma. Tusikatazane chai, hatutawezana! Tuiweke mbali na chakula, angalau saa moja baada ya kula. Mtu anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, amepata kalori 150 au zaidi kutoka kwa sukari peke yake, na madini hakuna.

MASWALI AMBAYO HUULIZWA

"Basi tuache ugali?" Hapana. Asiyekula wanga wa kutosha, na hana nyama wala mafuta, mwili wake utaanza kuchoma misuli yake mwenyewe. Ugali ubaki, lakini usiwe peke yake. Sahani igawanywe: ugali sehemu moja, maharagwe au nyama au maziwa sehemu ya pili, mboga sehemu ya tatu.

"Mtoto wangu amepimwa mkono kwa ile tepi, akaonekana mzima. Kuna shida gani?" Tepi inaonyesha kama mtoto amekonda. Haioni damu. Mtoto mnene anaweza kukosa chuma.

"Maziwa yana kila kitu, si ndiyo?" Yana kalsiamu nyingi, lakini chuma ni kidogo mno. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitegemezwe maziwa ya ng'ombe. Anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akipewa uji, maharagwe yaliyopondwa, maini yaliyosagwa na mboga, kwa sababu akiba ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua wakati huo.

"Tukichemsha maziwa, kalsiamu inaisha?" Haiishi. Chemsheni bila wasiwasi. Maziwa mabichi yanaweza kuleta homa ya maziwa inayotoka kwa ng'ombe, ambayo huumiza viungo miezi mingi.

"Tembe za kliniki zinanisumbua tumbo, niziache?" Usiziache bila kumwambia muuguzi. Zile za chuma na foliki kwa mjamzito zimewekwa kwa sababu chakula peke yake mara nyingi hakimtoshi wakati huo. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Usizimeze kwa chai.

YA KUJADILI NA KUAMUA

1. Kila mmoja ataje alichokula jana. Mwandishi aandike safu mbili: wanga, na vyakula vyenye madini. Safu gani ni ndefu? Nani katika boma hupata maini na nyama kwanza, na nani hupata mwisho?

2. Kuna mjamzito au mama wa mtoto mchanga kati yetu ambaye hajaenda kliniki? Nani atamsindikiza, na siku gani?

3. Maji tunayokunywa yaliwahi kupimwa floraidi? Kama hapana, nani atakwenda kuuliza ofisi ya maji ya kaunti?

4. Kila boma linaweza kuanzisha gunia moja la mboga, kwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Gunia la udongo na samadi ya mbuzi linabeba miche mingi ya sukuma wiki, na halihitaji shamba, hata ploti ya Kitengela inatosha. Mbuzi wazuiwe! Kikundi kinaweza kununua mbegu pamoja kwa fedha za mchango.

Haba na haba hujaza kibaba. Kijiko cha terere leo, nusu ndimu kesho, mtoto apate kipande cha ini siku baba anapochinja. Madini yanahitajiwa kwa kiasi kidogo, na kidogo hicho tunakiweza. Mwandishi wa kikundi aandike maamuzi ya leo kwenye kitabu, na mkutano ujao yasomwe kabla ya jambo lingine lolote, pamoja na kuuangalia ule mfupa wa kuku.